Sabuni Mbichi

Akina mama mnaotengeneza sabuni nyumbani, neno hili ni lenu. Mawese ya Rumonge yakichanganywa na soda kali, sabuni hushika kwa siku moja tu, lakini huhitaji majuma manne hivi ili ikomae. Ikiuzwa mbichi huweza kuchoma mikono ya mfuaji, tena husinyaa. Aliyelipia kipande kikubwa hubaki na kidogo. Someni Mithali 11:1 juu ya mizani. Najua, kodi ya nyumba haingoji majuma manne! Basi shirikianeni: mwenye sabuni iliyokomaa amkopeshe mwenzake vipande vya kuuza, naye atarudisha zake zikikauka. Na soda itiwe ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda, watoto wakiwa mbali.