Meza ya Mboga na Upendo

Soma Mithali 15:17, Mwanzo 1:29, 2:9, Danieli 1:8–16, Yohana 21:9–15, Warumi 14.

Mwenye hekima alizilinganisha meza mbili. Ya kwanza ina mboga tu, lakini wanaoizunguka wanapendana. Ya pili ina ng'ombe aliyenona, lakini pana chuki. Akaiona ya kwanza kuwa bora. Waadventista wengi hulitumia fungu hili kutetea mboga. Hata hivyo, likisomwa kwa makini, kinachoshinda katika ulinganisho ule ni upendo. Mwenye hekima hakuitaja meza ya tatu, yenye mboga na chuki pamoja. Meza hiyo ipo, na wakati mwingine imeandaliwa na watu wanaoupenda ukweli.

Hapo ndipo swali la juma hili linapoanzia. Mtu akiacha nyama, maziwa na mayai, kisha kwa mlo wake akamfanya jirani ajione mchafu, je, ameutunza ujumbe wa afya au ameuvunja?

Karama ya Muumba

Katika Mwanzo 1:29 Mungu anawapa Adamu na Hawa mimea itoayo mbegu na miti yenye matunda. Tendo lenyewe ni la kutoa. Chakula cha kwanza cha mwanadamu kilikuja kama zawadi, na Mwanzo 2:9 inaongeza kwamba miti ya bustani ilipendeza macho, kisha ikafaa kwa kuliwa. Muumba alijali uzuri wa chakula pamoja na faida yake.

Kwa hiyo namna ya kupika ni sehemu ya ushuhuda. Mtu aliyezoea kitoweo cha nyama akiwekewa mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi tu, hataiona zawadi, ataona adhabu. Wala hakuna haja ya kumtafutia vyakula vigeni vya bei kubwa. Huko Upare, ambako wamisionari Waadventista walianza kazi mwaka 1903, watu hupika makande ya mahindi na maharage. Pwani kuna mbaazi za nazi. Kwingine kuna kisamvu kilichoungwa kwa karanga, kunde, viazi vitamu, ndizi za kupika na uji wa ulezi. Vyakula hivi havihitaji kitu chochote cha mnyama, na watu wamevipenda tangu utoto. Anayetaka kuwakaribisha wengine kwenye mlo wa mimea aanze na sufuria wanayoifahamu. Mgeni akiomba kuongezewa, somo limeshaingia.

Upendo husema pia ukweli wote. Aliyeacha kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama anahitaji vitamini B12 kutoka katika vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Wajawazito na wazazi wa watoto wadogo wapate ushauri wa mhudumu wa afya. Kuwaficha watu jambo hili ili mlo uonekane rahisi si wema.

Mungu huwapa watu muda

Ellen G. White alipewa njozi kuhusu afya huko Otsego, Michigan, mwezi Juni 1863. Katika miaka iliyofuata bado alikula nyama mara kwa mara, hasa safarini au chakula kingine kilipokuwa haba. Ilikuwa Januari 1894, kwenye makambi ya Brighton karibu na Melbourne, Australia, alipoamua kuiondoa nyama mezani pake moja kwa moja. Miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita. Mwaka 1909, mbele ya wajumbe wa Konferensi Kuu, aliwahimiza watu kwa nguvu waendelee mbele katika matengenezo ya afya, lakini akasema kula nyama kusifanywe kipimo cha ushirika.

Ikiwa mjumbe wa Bwana alihitaji muda, aliyebatizwa mwezi uliopita atahitaji muda pia. Wengine watauliza: mbona Yesu mwenyewe aliwaandalia wanafunzi samaki kando ya bahari ya Tiberia? Kisa hicho hakifuti mpango wa Edeni. Kinaonyesha kwamba Mwokozi aliwakuta wavuvi pale walipokuwa. Alimlisha Petro kwanza, kisha akamwuliza swali gumu kuhusu upendo. Wapo wanaotaka kuanza na swali gumu, na chakula kije baadaye.

Kuku wa bibi

Sasa fikiria kijana aliyeacha nyama, naye anakwenda kijijini kumsalimu bibi yake. Katika nyumba nyingi, kuku aliyechinjwa ndiyo karibu yenyewe. Kijana akimkataa yule kuku sufuria ikiwa tayari mezani, bibi ataelewa kwamba yeye ndiye aliyekataliwa. Akila kinyume cha dhamiri yake, Warumi 14:23 inamhukumu. Afanye nini?

Danieli anamwonyesha njia. Hakuidharau meza ya mfalme mbele ya vijana wengine. Alikwenda mapema kwa mwenye mamlaka, akaomba kwa heshima, akataja siku kumi tu. Kijana naye apige simu kabla ya safari: “Shikamoo, bibi. Nakuja Alhamisi. Nimeyatamani sana makande yako. Siku hizi nyama nimeacha, naomba usinichinjie kuku.” Kwa maneno hayo bibi hajanyimwa nafasi ya kumheshimu mjukuu wake, ameonyeshwa namna ya kufanya hivyo.

Na kama kuku ameshachinjwa? Wakristo wenye nia njema hawatajibu kwa namna moja. Wengi watakula ugali na mboga, wakae karibu na bibi, wamshukuru kwa mikono miwili. Paulo anaiachia dhamiri ya kila mtu nafasi mbele za Bwana. Jambo moja tu halina udhuru: kuigeuza sufuria ya bibi kuwa mimbari.

Agizo la Warumi 14:3 lina pande mbili. Asiyekula asimhukumu alaye, na alaye asimdharau asiyekula. Mjomba anayemcheka kijana kwamba anakula majani kama mbuzi naye amelivunja neno hilo hilo.

Chakula cha pamoja baada ya ibada kuu hulijaribu kanisa kwa njia hiyo hiyo. Mgeni akija na sufuria ya nyama kwa kutojua, watakaoipokea kwa tabasamu watamwona tena Sabato ijayo. Watakaonong'ona hawatamwona. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ufalme wa Mungu haujengwi juu ya kula na kunywa, bali juu ya haki, amani na furaha katika Roho Mtakatifu. Mlo wa mimea unaozaa furaha hiyo umerudi kwenye kusudi lake la Edeni.

Maswali ya kujadili

1. Ni chakula gani cha kwenu ambacho tayari ni cha mimea tupu? Kinaweza kutumikaje kumkaribisha mtu?

2. Kuna tofauti gani kati ya kusimama imara kama Danieli na kuwa mgumu tu?

3. Je, yupo mtu aliyeacha kula pamoja nanyi kwa sababu ya maneno yaliyosemwa mezani? Darasa lifanye nini juma hili ili arudi?