Pete ya Fedha Kwenye Kiko

Leo tuongee kuhusu viko, vile vya kuvutia tumbaku. Tulieni, simfundishi mtu kuvuta.

Zamani huko Uingereza kiko kizuri kikipasuka shingoni, pale mdomo unapoingia, hakikutupwa. Fundi alikibana kwa pete ya fedha. Pete hiyo ilikuwa na mihuri: simba anayetembea kuonyesha ni fedha halisi, nanga kama ilikaguliwa Birmingham (ofisi ya ukaguzi ya huko ipo tangu 1773), na herufi ya mwaka. Leo ukikipata kiko hicho mnadani, pete inakusaidia kukitambua. Ila wenye uzoefu wanaonya: kama pete iliwekwa baadaye, huo ni mwaka wa matengenezo. Kiko chenyewe ni cha zamani zaidi.

Sasa wapo wanaotaka kionekane kipya kabisa. Wanapiga msasa mpaka kinang'aa, na jina la mtengenezaji lililogongwa kwenye mbao linafutika. Kimependeza kweli, lakini nani atajua tena kimetoka mkononi mwa nani?

Nawafikiria baadhi yetu. Ulianguka: pombe, kubeti, uhusiano uliokuumiza. Umeungama, padre amekuondolea dhambi. Lakini kwaya umeacha, Jumapili unakaa benchi la mwisho na kutoka kabla ya matangazo, maana "watu wanajua". Au umeshika msasa: umehama parokia, umefuta picha zote, unajifanya yule hukuwa wewe.

Soma Yohane sura ya 20. Yesu ameshinda mauti, angeweza kurudi bila hata mkwaruzo. Amerudi na alama za misumari na ubavu uliochomwa, na ndizo alizowaonyesha wanafunzi ili wamjue. Tusichanganye mambo: majeraha yake hayakutokana na dhambi yake, yetu mara nyingi ndiyo chanzo. Lakini aliyepaa mbinguni na makovu hawezi kukuonea aibu wewe kwa ya kwako.

Sisemi uende kutangaza dhambi zako kwenye status, hapana. Ila yule mdogo wetu wa jumuiya aliyeanza kubeti juzi, anayemkwepa kila mtu, nani atamfaa kuliko wewe unayejua saa nane za usiku zilivyo ukishaliwa hela yote? Mtafute wiki hii. Na mazoezi ya kwaya yanaendelea, sauti ya tatu wamebaki wawili tu.