Goti Lililoumia Mpirani

Wajukuu zangu, kila Ijumaa mnaniona nimekaa kitini msikitini wenzangu wakisujudu, mnasema babu kazeeka. Uzee wapi! Mzee niliyekuwa nikivuta naye juya kanizidi miaka, na bado anachuchumaa pwani kupaa samaki wake. Goti hili nililiharibu mwenyewe, nikiwa na umri wenu.

Maji yalikuwa yamekupwa, tunacheza mpira mchangani hapa hapa Palma, Msumbiji. Niliruka kupiga kichwa, nikatua kwa mguu mmoja, goti likapinda kwa ndani. Nikasikia "ta!" kama ufito unaokatika. Jioni lilikuwa limefura kama dafu. Nikakandwa maji ya moto, na wiki ya tatu nikarudi uwanjani, maana tulikuwa na mechi na vijana wa Mocímboa da Praia. Kila nikigeuka, goti linachomoka. Nami nikajiona mwanamume.

Sikieni kilichomo ndani. Kwenye ncha za mifupa kuna gegedu, lile jeupe linaloteleza mnalolitafuna mwisho wa mfupa wa kuku. Halina mishipa ya damu, hivyo likilika halioti tena vizuri. Katikati kuna kano zinazoshika mifupa isihame. Ukano ukikatika, mzigo unaangukia pale ambapo gegedu halikuzoea kubeba, na mzigo wenyewe si mdogo: kutembea tu kunalitwisha goti uzito wa mwili mara mbili hadi tatu. Wataalamu waliowafuatilia watu waliochanika hivyo wameona karibu nusu yao wanaugua goti baada ya miaka 10 hadi 20. Anayeumia akiwa na miaka 18, piga hesabu mwenyewe.

Machi 2021 mji huu uliposhambuliwa, watu walitoka mbio. Mimi, kwa sababu ya goti hili, nilibebwa mgongoni na baba yenu.

Kinga ipo, wala haina gharama. Huko Lagos, Nigeria, vijana wa timu 20 walipimwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014: waliofanya mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa FIFA 11+ waliumia pungufu kwa asilimia 41 kuliko wenzao. Ni dakika 20 tu za kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yamekunjika, goti likielekea vidoleni badala ya kuingia ndani. Ninyi mnafika uwanjani mnaanza kupiga mashuti!

Aliyekwisha kuumia asidanganywe na vidonge vya dukani. Vinatuliza maumivu, havifungi ukano. Msuli wa paja ndio unaolipunguzia goti kazi. Na mkongojo unashikwa mkono wa upande mzima. Mimi niliushika upande wa goti bovu miaka mingi, hakuna aliyeniambia.

Na wewe uliyetoka ukichechemea juzi, nimekuona. Kesho usiingie uwanjani. Njoo kibarazani kwangu, tuanze na kunyoosha mguu.