Kichokoo na Idhini

Kipande cha chuma cha waipa ya gari, kikibanwa kwenye jiliwa na kupigwa tupa taratibu hadi ncha yake ipinde kidogo, kinaweza kuwa kichokoo. Kufuli la kawaida linalouzwa madukani Ukunda, pwani ya kusini ya Kenya, lenye pini chache zinazosukumwa na springi, huweza kulegea mbele ya kichokoo hicho na mkono wenye subira. Wapo watu duniani wanaojitengenezea vyuma hivi na kufungua makufuli yao wenyewe kwa raha ya kufungua tu, kama wengine wanavyokaa kwenye bao. Ujerumani walianzisha chama chao mwaka 1997. Je, mtu wa Diani au Msambweni, Mwislamu kama walivyo Wadigo wengi, akikaa barazani kwake jioni akachonga vichokoo kwa kujifurahisha, ana lawama mbele ya Mungu na jirani zake? Wengi watajibu upesi kwamba itategemea nia yake. Jibu hilo ni la kweli, ila naliona limesimama kwa mguu mmoja. Mimi nashikilia kuwa kinachomtenga fundi na mwizi ni idhini kabla ya nia, na kwamba mwenye ujuzi huu ana wajibu wa kuifanya idhini hiyo ionekane.

Hadithi ya nia, iliyopokewa na Umar bin Khattab, ndiyo ya kwanza katika Sahihi ya Bukhari na katika Arubaini ya Nawawi, na watoto wa chuo huijua mapema. Kutokana nayo mafakihi walijenga kanuni kwamba mambo huhukumiwa kwa makusudio yake. Lakini nia hukaa moyoni, na madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa katika pwani yetu, yamekuwa makini sana kutodai kuuona moyo: hukumu za watu hushika yaliyo dhahiri, na ya ndani huachiwa Mola. Jirani anayesikia tupa ikilia usiku nyumba ya pili hana njia ya kuifikia nia ya mwenye tupa. Lugha yenyewe inaonyesha hofu ya jirani huyo. Mitaani, hasa upande wa Tanzania, ufunguo unaofungua kila mlango huitwa ufunguo malaya. Jina ni kali, na limebeba fikra nzima: ufunguo mwema ni ule ulio mwaminifu kwa mlango mmoja. Anayechonga kichokoo anatengeneza chuma kisicho na mlango wake, na hawezi kulikimbia shaka hilo kwa kusema tu kwamba moyo wake ni safi.

Hapo inafaa kuuliza kufuli lenyewe ni kitu gani. Tumezoea kudhani ni nguvu inayoizuia nyingine. Sheria ya Kiislamu haikulitazama hivyo. Adhabu ya wizi iliyotajwa katika Kurani haitimii mpaka mali iwe imetolewa mahali pa hifadhi, hirzi, na mafakihi wa Kishafi wanasema hirzi hupimwa kwa desturi ya watu na aina ya mali. Komeo la mti linaloangushwa kwa teke laweza kuwa hirzi kamili mahali ambapo watu hufunga hivyo. Maana yake, mlango uliofungwa ni tamko: hapa pana mwenyewe. Suratun Nur inakwenda mbali zaidi. Aya ya 27 inakataza kuingia nyumba za watu bila kuomba ruhusa na kuwatolea salamu, na ya 28 inaongeza kwamba usipomkuta mtu usiingie mpaka uruhusiwe, na ukiambiwa rudi, urudi. Hakuna neno lolote hapo kuhusu kufuli. Mlango ulioachwa wazi na uliopigwa makufuli matatu ni sawa mbele ya aya hizo, kwa kuwa mpaka umewekwa na haki ya mwenye nyumba. Mpaka usiotegemea kufuli tunao hata huku kwetu: wageni wakienda Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo karibu na Diani, hufungwa kaniki nyeusi kiunoni na kuelezwa miiko, mmojawapo usitoe kitu msituni. Msitu ule, ulioingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, umelindwa vizazi kwa vizazi na maneno ya wazee. Kuna atakayesema maneno hayakutosha, kwani sehemu za misitu ya kaya katika ukanda huo zilimegwa kwa ajili ya viwanja na hoteli. Ni kweli, na inauma. Lakini waliozimega hawakuvunja kitu. Walikuja na karatasi za ardhi mchana kweupe. Kufuli lingewazuiaje?

Kisa kinachonishawishi zaidi ni cha ufunguo wa Kaaba. Mwaka wa 8 Hijria, yaani 630, Mtume aliingia Makka akiwa mshindi, na hapakuwa na mlango ambao asingeweza kuuamuru ufunguliwe. Ufunguo wa Kaaba ulikuwa kwa Uthman bin Talha, ambaye ukoo wake ndio uliokuwa ukiushika. Ulichukuliwa, nyumba ikafunguliwa, kisha Mtume akamrudishia. Wafasiri wengi wanaihusisha aya ya 58 ya Suratun Nisaa, inayoamrisha kurudisha amana kwa wenyewe, na tukio hilo. Bani Shaiba, wa ukoo huo huo, wanaushika ufunguo huo mpaka leo. Uwezo wa kufungua ulikuwepo wote, na bado haukuhesabiwa kuwa haki ya kushika. Mchonga vichokoo yuko katika hali hiyo kwa kipimo chake kidogo: mkono wake unaweza milango mingi, na kila mlango ni amana ya mtu mwingine.

Pingamizi zito ni la kuziba njia za uovu, msingi ambao Wamaliki na Wahanbali wameutumia kwa upana kuliko Mashafi. Watasema ujuzi huu ukienea utawafikia wezi, na nyumba za kupanga za Ukunda, ambako wafanyakazi wa hoteli hufunga na kuondoka kutwa nzima, zitakuwa mawindo. London walibishana hivyo hivyo mwaka 1851, wakati Mmarekani Alfred Charles Hobbs alipofungua makufuli yaliyosifiwa kuwa hayafunguki. Kufuli la kampuni ya Bramah lilikuwa limetundikwa dirishani mwa duka lao kwa miongo kadhaa na zawadi ya gini 200 kwa atakayeliweza. Hobbs, kwa vyombo alivyojitengenezea, alilifungua kwa saa 51 za kazi zilizotapakaa katika siku 16. Hakuiba chochote, alikuwa amekubaliana na wenye kufuli, na waamuzi walikuwepo. Mwizi hana siku 16, ana mtaimbo. Anayeumia kasoro za makufuli zikinyamaziwa ni mnunuzi anayeuziwa kufuli bovu kwa bei ya zuri. Hata hivyo silitupi pingamizi hili lote. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamtia hatiani anayepatikana nje ya makazi yake na kifaa cha kutumika katika uvunjaji au wizi, na kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo chenyewe huwa ushahidi dhidi yake. Wapo watakaoiona sheria hiyo kuwa ya kuonea. Mimi naona inagusa jambo la haki: barazani pako, juu ya kufuli lako, idhini inaonekana, njiani usiku, vyuma mfukoni, hakuna anayeweza kuiona, hata kama ipo.

Kesi ngumu ni ya mpangaji aliyechelewesha kodi, akarudi jioni na kukuta mwenye nyumba ametia kufuli jipya mlangoni, watoto wako nje na vyombo vyao viko ndani. Anamjua kijana wa jirani mwenye vichokoo, anamwendea. Kufuli ni la mwenye nyumba. Makazi ni ya mpangaji. Kwa hoja niliyoishika, idhini inayohusika ni ya anayeishi humo, maana aya zilizungumzia kuingia nyumba za watu, na deni haliigeuzi nyumba ya mtu kuwa si yake kwa usiku mmoja. Kijana anaweza kufungua. Ila asifungue gizani wala peke yake: aitwe mzee wa mtaa au mtu wa Nyumba Kumi, mwenye nyumba apigiwe simu aambiwe kinachofanyika, na kufuli lake likishafunguka akabidhiwe zima, mkononi mwake.