Msiipambe Hesabu Iliyokataa

Wanangu mnaojifunza programu Mbarara, nimechoka kulirudia hili, na bado nalirudia: hesabu ikikataa, acheni ionekane imekataa.

Hapa Biharwe mapokeo yanasema jua lilifunikwa, jeshi la Olimi, mfalme wa Bunyoro, likaingiwa na hofu, likakimbia na kuacha ng'ombe liliowateka Nkore. Wanahistoria wakalinganisha na hesabu za kupatwa kwa jua, wakapendekeza mwaka 1520, wakaanza kupanga enzi za wafalme kuuzunguka. Kazi hiyo huhitaji mipaka miwili: mwaka wa mapema kabisa na wa mwisho kabisa.

Tuseme simulizi moja linampa mfalme 1480 hadi 1505, lingine 1515 hadi 1540. Mkitafuta miaka ya pamoja, jibu ni tupu. Hilo ni jibu halali: masimulizi hayakutani, rudini kwa wasimulizi. Lakini mtu akiingiza mwanzo 1505 na mwisho 1480, hapo hakuna mipaka kabisa. Msiigeuze kimyakimya ili programu iendelee! Nani aliwaambia alikosea mpangilio tu, wala si tarakimu?

Kiwango cha IEEE 1788 cha mwaka 2015, cha hesabu za mipaka kama hii, kimetenganisha mambo haya. Tupu ina nafasi yake. Ingizo bovu huitwa NaI (Not an Interval, yaani si mipaka halali), na hesabu ikiligusa nayo hutoa NaI. Kuna pia alama zinazoambatana na jibu. Chukueni kipeuo cha pili cha mipaka ya -4 hadi 9. Jibu ni 0 hadi 3, lakini hubandikwa trv, alama isiyodhamini chochote, kwa kuwa namba hasi zimeachwa nje. Jumlisheni, zidisheni: alama hiyo haipandi cheo tena. Napenda sana uaminifu huo.

Na si wafalme wa kale tu: huko Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, wapo watu wazima wengi ambao karatasi zao zinasema walizaliwa 1 Januari. Fomu ilidai siku. Wao walijua mwaka, au msimu wa mvua tu. Sasa mashine inawahesabia umri kana kwamba mkunga aliandika saa. Wanangu, aliyejua mwaka tu muandikieni 1 Januari hadi 31 Desemba. Asiyejua, mpeni mipaka mipana. Karatasi zikipingana, andikeni tupu, kisha mwiteni mwenyewe mkae naye, mumsikilize, kabla hamjagusa kitufe cha kuhifadhi.