Mlango wa Mwajuma

Wiki hii mfuko wangu wa vitu nilivyookota umejaa mambo ya Kusini, na kitabu cha wiki ni cha mapenzi. Nianze na vitu, kitabu kitafuata, maana safari hii vimeingiliana bila mimi kupanga.

Cha kwanza ni Karl Weule. Mwaka 1906, huku moto wa Maji Maji ukiwa haujazimika vizuri, huyu Mjerumani kutoka makumbusho ya Leipzig alisafiri kutoka Lindi hadi Masasi, kisha akapanda uwanda wa juu wa Makonde mpaka Newala. Alikuja na kamera, na mashine ya kunasa sauti kwenye nta. Akanasa nyimbo, akapiga picha, akaandika, na mwaka 1908 kitabu kikatoka huko kwao. Ukikisoma unafurahi na kuudhika kwenye ukurasa huohuo. Unafurahi kwa sababu sauti za watu wa kwetu za zaidi ya miaka 100 iliyopita zilipata pa kukaa. Unaudhika kwa sababu mle ndani kuna pia mambo ya unyago wa wasichana, ambayo mama zetu mpaka leo wakiwa wanayazungumza na mwanamume akapita, wanageuza maneno, wanaulizana bei ya dagaa. Yeye aliyaona, akayaandika, akawapelekea watu wa mbali. Alichokiokota kilikuwa na wenyewe.

Cha pili ni cha zamani zaidi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Safari ilikuwa ya kwenda upande wa Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi, kwenye ile milima ya mawe, wakaona panatosha, wakajenga. (Steere huyu ndiye aliyekusanya hadithi za Kiswahili Unguja na kuzichapisha mwaka 1870. Yaani misheni ya Masasi ilianzishwa na mtu wa hadithi, nalo hilo najivunia bila sababu yoyote ya maana.) Miaka sita baadaye, 1882, Wangoni wakavamia kijiji. Nyumba zikachomwa, baadhi ya watu wakatekwa tena, na misheni ikahamia Newala kwa muda kabla ya kurudi chini.

Hicho cha pili ndicho kilichonikaa kichwani wiki nzima. Mtu ameshaandikiwa kwamba yuko huru. Kisha? Anahitaji mahali pa kufikia, paa, shamba, jirani wa kumpigia kelele usiku. Wale watu walikuwa na uhuru miaka sita yote, ila ukuta wa kuulinda hawakuwa nao.

Sasa kitabu. Ni Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Huenda wengi mmekutana nacho kupitia filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, na filamu ni nzuri, lakini naomba msiishie hapo. Hii ni mara yangu ya nne kukisoma. Kwa wasiokijua: ni Unguja ya kabla ya uhuru. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara anayeweza kuwa babu yake. Hampendi, wala hajifunzi kumpenda. Anaondoka. Jamaa zake, mjomba akiwemo, wanamfungia mlango. Anayemfungulia ni Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo, mcheshi, mpenda taarabu. Ni huko Yasmin anakokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayesakwa na serikali ya Waingereza kwa siasa zake. Hapo mapenzi yanaanza, na polisi nao.

Nikiulizwa riwaya ya mapenzi iliyonitia moyo kuliko zote, naitaja hii. Wanaoijua hushangaa kidogo, kwa sababu Yasmin na Denge hawaishii kwenye harusi yao wenyewe. Nawaelewa. Tumezoea riwaya za kutia moyo zinazofanya kazi kama duka: unaweka subira mezani, unapewa mume. Binti anavumilia, analia ukurasa wa 40, anasamehe ukurasa wa 90, mwishoni gari jeupe linasimama mlangoni. Vitabu hivyo nimevisoma vingi, vingine kwa raha kabisa. Ila kiukweli vinanipa wasiwasi, kwa sababu subira ile karibu kila mara inadaiwa kwa mwanamke, na bei yake haiandikwi popote.

Lakini kuna upande wa pili, nao ndio mgumu kwangu. Kitabu kinachosema "ondoka" nacho kinaweza kuwa duka. Unaweka ujasiri mezani, unapewa uhuru. Ukishampa mtu kitabu cha namna hiyo, unadaiwa nini?

Silifikirii hewani. Nina binamu yangu Newala, ameolewa, mume alishuka Dar es Salaam pesa za korosho zilipoingia misimu miwili iliyopita. Anatuma ujumbe wa sauti: nisubiri, msimu ujao narudi. Msimu unafika, minada inaanza Oktoba, foleni za magari ya mizigo ghalani, yeye hayupo. Bibi yetu ana neno moja tu, subira yavuta heri, na analisema kwa nia njema, maana ni mwanamke aliyeteremka bondeni kuchota maji na kupanda tena na ndoo kichwani miaka na miaka, kabla bomba halijafika kwao. Katika subira ya namna ile, jioni unaiona ndoo imejaa. Hii ya binamu yangu haina ndoo.

Juzi nilipokuwa kwao akaniona na kitabu. "Dada, hicho kinahusu nini?" Nikamwambia, msichana aliyeolewa asipotaka, akaondoka. Akanyamaza, kisha akasema, "Niazime."

Nilikaa nacho siku mbili kabla ya kumpa. Wapo watakaocheka: kitabu ni kitabu, mtu mzima anasoma anachotaka. Ni kweli, na mimi si mlezi wake. Lakini anayeazimisha kitabu kwa mtu aliyesimama njia panda hawezi kujifanya anaazimisha karatasi tu. Weule aliweza kufunga masanduku yake na kurudi Leipzig. Mimi nikimpa binamu yangu hadithi ya Yasmin, nitakutana naye msibani, harusini na kwenye simu za saa nne usiku.

Kilichonifanya nitoe ni Mwajuma. Katika usomaji wa kwanza na wa pili nilikuwa na macho ya Denge tu, kama kila mtu. Safari hii nimemwangalia yeye. Ukimtoa Mwajuma, riwaya inaanguka ndani ya sura chache: Yasmin anarudi kwa Raza, au anaishia pabaya zaidi. Denge anampa mapenzi na fikra, lakini mahali pa kulala alipewa na Mwajuma, bila hotuba. Shafi hakumfanya malaika, ana vituko vyake. Ila mlango aliufungua. Kitabu kinachomwonyesha mtu ujasiri na pia kikamwonyesha ujasiri huo ulilala nyumba gani, nakiona ni cha kweli. Kinachoruka hiyo nyumba kinamdanganya msomaji, hata kama kila sentensi ni tamu.

Na hapa kwetu suala la nyumba lina historia yake. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo ulifuatwa kwa mama. Zamani mume ndiye aliyehamia kwa wakwe, kwa hiyo ndoa ikiharibika, aliyefunga mzigo ni yeye. Mjomba alikuwa na neno kubwa kuliko baba. Ukiisoma Vuta N'kuvute ukiwa Newala, yule mjomba anayefunga mlango anakuuma kwa namna ya pekee. Lakini tusijipambe. Mkorosho unaishi miaka mingi, na baba aliyeupanda anataka mwanawe aurithi, si mpwa wake. Wengi siku hizi wanajenga kwa upande wa mume. Binamu yangu anaishi kwenye kiwanja cha wakwe, mikorosho anayoipalilia ni ya mume, na mlango wa mama yake upo wazi kwa maneno kuliko kwa nafasi.

Sheria nayo imekuwa ikikokotwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, umri uleule wa Yasmin. Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hukumu hiyo mwaka 2019. Nafurahia hukumu zile. Ila hukumu haina chumba cha ziada.

Basi nikampa kitabu, na nikamwambia kitu kimoja ambacho si cha kifasihi: Masasi nina chumba kimoja na sebule, godoro la pili lipo, na kodi imelipwa hadi Machi. Sikumwambia aondoke, wala asubiri. Kama mume atarudi msimu huu na wakaelewana, nitakwenda kula pilau kwao bila kinyongo.

Jana usiku kanipigia. Amefika pale Inspekta Wright anapotaka kumtumia Yasmin ili amnase Denge, na amekasirika kweli, anamtukana Wright kama vile ni mtu wa mtaani kwao. Kitabu hakirudi karibuni, nimeshakubali. Kabla ya kukata simu akauliza swali ambalo katika mara zote nne za kusoma sikuwahi kujiuliza: "Hivi dada, huyo Mwajuma naye, mlango alifunguliwa na nani?"