Kijana wa Kimumu na Hekima ya Buddha

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu wasomaji, mama mmoja wa mji wetu alitujia darasani baada ya sala ya Alasiri. Alikaa nyuma hata watu wakaondoka, kisha akatuuliza: "Sheikh, mtoto aliyeacha kusali, wala hakuingia kanisani, bali asema afuata maneno ya Buddha, je, ni halali mimi kupokea pesa anazoniletea?" Tukamwuliza mtoto mwenyewe yuko wapi. Akasema yuko Eldoret, mtaa wa Kimumu, ndiko alikosomea na ndiko afanyako kazi. Akaongeza kwamba wanawe wakubwa wamemtaka amkane ndugu yao, wala asimfungulie mlango siku ya Idi. Tulimwambia kuwa kadhi hakati shauri kwa kusikiliza upande mmoja. Basi naye asikate neno lolote mpaka tumwone kijana. Tulipopata nafasi tulisafiri.

Wengi katika wasomaji wetu wa pwani hawakujui Kimumu. Ni mtaa ulio kando ya njia iendayo Iten, katika mji wa Eldoret uliotangazwa kuwa jiji mwezi wa Agosti 2024. Chuo Kikuu cha Eldoret hakiko mbali, kwa hivyo vyumba vya kupanga vimejaa wanafunzi, na baridi yake huingia mifupani mwa mtu aliyezaliwa penye bahari. Kijana alitupokea kwa adabu, akatubusu mkono kama alivyofunzwa utotoni, akatuletea maji ya moto tukatawadha, akatutandikia shuka safi tukasali. Yeye hakusali. Alikaa kimya nyuma yetu mpaka tulipotoa salamu.

Tulimwuliza kwa upole ni lipi lililomtoa. Akasema: "Sheikh wangu, kakangu alikuwa mtumiaji wa unga. Miaka minne alilala barazani kwetu, wala hapana hata mmoja aliyekuja kukaa naye. Alipokufa nyumba ilijaa siku tatu. Watu walikula pilau, wakasema ni kudura ya Mungu, wakaenda zao. Nami utotoni chuoni niliwahi kumwuliza mwalimu kwa nini Mungu huacha watu wateseke, nikapigwa bakora. Nilipofika huku, mwenzangu aliniazima kitabu cha habari za Buddha. Jambo la kwanza nililolisoma ni kwamba maumivu yapo, yana sababu, yaweza kukoma, na iko njia ya kuyakomesha. Huyo ndiye wa kwanza kuniambia kuwa maumivu yana sababu ya kuchunguzwa."

Akatueleza kwamba kila alfajiri hukaa nusu saa akiangalia pumzi zake zikiingia na kutoka, na kwamba ameacha miraa na hasira. Kila Jumamosi huenda kukaa na vijana wanaojaribu kuuacha unga. "Mimi sina dini," alisema. "Nimechukua hekima tu."

Ndugu zetu, kijana huyu si peke yake. Katika hesabu ya watu ya Kenya ya mwaka 2019, zaidi ya watu 750,000 walijiandikisha kuwa hawana dini. Basi hayafai maneno yake kujibiwa kwa kelele. Yafaa kupimwa, na kipimo cha haki ni kwanza kuujua Ubuddha wenyewe ulivyo.

Siddhartha Gautama, aliyekuja kuitwa Buddha, maana yake aliyeamka, alizaliwa katika jamaa ya watawala wa kabila la Washakya, mahali palipo leo mpakani mwa Nepal na India, yapata miaka 2,500 iliyopita. Husimuliwa kuwa alilelewa katika anasa, kisha akaona mzee, na mgonjwa, na maiti, na mtawa. Akaacha jumba la babake akiwa na miaka 29, akatafuta dawa ya mateso ya binadamu. Mafundisho yake makubwa ni yale manne aliyoyataja kijana. Sababu ya mateso, kwa kauli yake, ni kiu ya nafsi: kutaka, na kung'ang'ania, na kuvichukia vitu visivyotupendeza, ilhali kila kitu hupita. Njia yake ina sehemu nane, na ndani yake mna kusema kweli, kutenda wema, kuchuma kwa halali na kuutuliza moyo. Wafuasi wake wa kawaida hujifunga kwa makatazo matano: kuua, kuiba, zinaa, uwongo na ulevi.

Wala Waislamu si wageni wa habari hizi. Sheikh Shahrastani, aliyefariki mwaka 1153, aliwataja Mabuddha katika kitabu chake cha mila na madhehebu, akasema kuwa sifa za Buddha zashabihiana na za Khidhri. Rashid al-Din, waziri wa Uajemi aliyefariki mwaka 1318, aliandika habari za maisha yake ndani ya historia yake kubwa. Na Barmaki, mawaziri wa Khalifa Harun al-Rashid, asili yao ni wasimamizi wa hekalu la Mabuddha la Nawbahar, mjini Balkh. Wazee wetu walisoma, wakaandika, wakabaki katika imani yao. Anayedhani kuwa kuyajua ya wengine ni kuipoteza dini, huyo ameidhania dini yake udhaifu.

Katika Afrika Mashariki nako Ubuddha una nyumba zake. Dar es Salaam mna hekalu lililojengwa na Wasinhala waliotoka Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka, mapema katika karne ya 20. Karibu na Entebbe iko jumuiya iliyoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekutana na mafundisho hayo India alikokwenda kusoma. Mwenye kuingia humo ataona sanamu, na watawa walionyolewa, na viapo, na mafundisho ya kufa na kuzaliwa tena. Kwa hivyo neno la kwanza tulilomwambia kijana ni hili: ulichokichukua si Ubuddha, ni sehemu uliyoichagua. Wako wazungu waliofanya hivyo kwa kujua, kama Stephen Batchelor, ambaye mwaka 1997 alitoa kitabu kinachoutaka Ubuddha usio na itikadi. Lakini mwenye kuchagua dawa mwenyewe na kipimo mwenyewe, ikimwia chungu ataiacha, wala hapana wa kumwambia anywe.

Kijana alitabasamu, akasema: "Na wale wanaofunga Ramadhani kisha wakala mali ya yatima, hao hawakuchagua?" Hatukuwa na la kumjibu ila kwamba amesema kweli. Tofauti ni kwamba huyo wa kwetu iko sheria juu yake imhukumuyo, akubali asikubali. Naye kijana, siku atakapojihurumia, ni nani atakayemhukumu? Akasema atajihukumu mwenyewe. Tukamwambia hilo ni jema, nasi twaliita muhasaba. Ila nafsi ni hakimu apokeaye rushwa upesi.

Neno la pili ni juu ya hiyo kiu. Maulamaa wetu, na Imamu Ghazali mbele yao, wameandika mengi juu ya nafsi na matamanio yake, na mtu akisoma habari za Ibrahim bin Adham wa Balkh, aliyeacha ufalme akenda kuchuma kwa jasho lake, ataona njia hizi mbili zikipita karibu sana. Lakini zaachana. Mabuddha husimulia habari ya mama aliyefiwa na mtoto, akamwendea Buddha ampe dawa ya kumfufua. Akaambiwa alete punje ya haradali kutoka nyumba isiyopata kufiwa. Akazunguka mji mzima asiipate, akafahamu kuwa mauti ni ya wote, akaenda kumzika mwanawe. Hekima hiyo ni ya kweli, na waliokwenda wakayaona magofu ya Gedi na Pate hawahitaji kuambiwa kuwa kila kitu hupita. Walakini sisi hatufundishwi kwamba kupenda ndiko kunakozaa mateso. Nabii Yaakubu alimlilia Yusufu hata macho yakapofuka, na Mtume wetu alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya watu, wala machozi hayo hayakuwa upungufu. Mama wa haradali alijua kwamba hayuko peke yake katika msiba. Hakuambiwa kwamba mtoto yule yuko mikononi mwa Mwenye kumrehemu.

Neno la tatu ndilo zito. Buddha alifundisha kuwa hakuna nafsi ya kudumu. Mtu ni mfano wa mto, kila dakika maji mengine. Tukauliza: basi aliyekopa jana na anayedaiwa leo si mmoja? Mabuddha wanalo jibu lao, wala tusiwadhulumu. Husema kuwa tendo hufuatwa na malipo yake, kama taa iwashayo taa nyingine: moto wa pili si ule wa kwanza, wala si mgeni kwake. Ndiyo maana hufundisha kuzaliwa tena, ili aliyedhulumu asiponyoke kwa kufa. Sasa kijana wetu ameiacha Kiyama kwa kuwa haionekani, akaacha na kuzaliwa tena kwa kuwa nako hakuonekani. Tukamwambia: "Mwanangu, aliyemwuzia kakako unga, akifa juu ya godoro lake akiwa tajiri na watu wakimsifu, hesabu yake iko wapi? Mwislamu ana jibu. Mbuddha ana jibu. Wewe uliyechukua hekima ukaacha dini, jibu lako ni lipi?"

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Labda halipo, Sheikh. Lakini nyinyi mlio na jibu, mtu huyo yuko mtaani kwenu, mwamjua kwa jina. Ametoa mabusati ya msikiti, na mkamwombea dua mbele ya maiti wake."

Ndugu zetu, tuliinamisha vichwa. Twamjua mtu huyo, na mabusati hayo tumeyasujudia. Hoja yetu ilikuwa sahihi, nayo ikatuangukia sisi wenyewe. Kuamini Siku ya Hesabu ni kuishi kama mtu anayehesabiwa, na kijana asiyeiamini alikuwa akikaa na wagonjwa siku ya Jumamosi, ilhali sisi tunaoiamini tulikuwa tukipokea mabusati.

Asidhani mtu kwamba twasema njia zote ni sawa. Hatusemi hivyo. Wala watu wa Buddha si malaika kwa kuwa kitabu chao chakataza kuua: mwaka 2017 Waislamu wa Rohingya zaidi ya 700,000 waliikimbia Myanmar, nchi ya Mabuddha, na wako watawa waliochochea chuki juu yao. Nasi tusisahau kwamba mwaka 2001 Taliban walizivunja sanamu za Bamiyan zilizokaa chini ya utawala wa Waislamu karne nyingi bila ya kuvunjwa. Kila watu wana mafundisho yao, na wana aibu zao. Twasema tu kwamba wema wa kijana huyu ni wema, na hatuwi waaminifu tukiuita ubaya kwa sababu hakuutoa kwetu.

Tuliporudi, mama alikuwa akitungoja. Tulimjibu hivi. Pesa za mwanawe ni chumo la halali, na azipokee. Mlango usifungwe, wala siku ya Idi wala siku nyingine, kwa kuwa udugu wa damu haukatwi na mabishano, na kulazimishana katika dini ni jambo tulilokatazwa. Wala watu wasikimbilie kumwita kafiri. Imamu Ghazali aliandika kitabu kizima kuwaonya wenye haraka ya kukufurisha. Kijana hakutuambia kuwa Mungu hayuko. Alituambia kuwa alipomtafuta mtu wa kukaa naye hakumwona. Na mama amwombee, maana dua ya mzazi hufika pasipofika hoja ya sheikh.

Ama sisi wa darasa hii, tumekubaliana mambo matatu. La kwanza, kila usiku wa Ijumaa baada ya Isha vijana wataruhusiwa kuuliza lolote, na bakora haitaingia chumbani. Na mwalimu asiyejua atasema sijui. La pili, tutaandika majina ya nyumba zenye wagonjwa wa unga, tuwatembelee wangali hai, na gharama za pilau ya matanga zigeuzwe ziwe gharama za tiba. La tatu, hatutapokea tena mchango wa mtu anayejulikana kuuza sumu hiyo, hata paa la msikiti likivuja. Wako waliokasirika, na mmoja amejitoa darasani. Twamwombea heri.

Kijana alitusindikiza mpaka kwenye kituo cha matatu, akambeba mwenzetu mzigo. Tulimwuliza kama atakuja Idi. Akasema atakuja akifunguliwa. Hakusema kuwa atasali, nasi hatukumwuliza. Yaliyo moyoni mwake ayajua aliyeuumba moyo. Yaliyo mikononi mwetu, hayo ndiyo tutakayoulizwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuongoe sisi na yeye, awarehemu waliokufa barazani pasipo mtu wa kukaa nao, na atusamehe sisi tuliopita njia tukawaona. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.